Picha Haikuwaona Wezi wa Kuku

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa shangazi.
Jumanne, 14 Aprili

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji na watoto wazima? Mimi sijambo, ukiacha mgongo, ambao tangu nifikishe miaka hamsini na mbili una maoni yake. Shangazi ni mzima kuliko sisi sote, na hilo ndilo tatizo.

Nakuandikia kwa simu, kimyakimya. Nyumba hii ina masikio. Ningekupigia, shangazi angesikia kila neno.

Unaijua kazi yangu ya kusoma picha za setilaiti, ile unayoiita kulipwa kwa kutazama mawingu. Mvua siku hizi hazifuati majira, na picha zinaonyesha ziwa la juu likivimba mwaka hadi mwaka. Sasa limebakiza nusu mita kufika ukingoni, na Ijumaa inatarajiwa mvua kubwa. Likifurika, maji yatashuka moja kwa moja huku bondeni, hadi uvunguni mwa kitanda nilichokalia.

Tangazo la kuhama tumelitoa ofisini. Hakuna aliyefunga hata begi, na kosa ni langu. Mwaka juzi niliona weusi kwenye picha nikasema ni mafuriko, kumbe kivuli cha wingu. Shangazi aliniamini, akahama wa kwanza, mtaa mzima ukamfuata. Walilala madarasani siku tatu bila kuona tone. Aliporudi, kuku wake wote walikuwa wameibiwa. Tangu hapo naitwa Bwana Kivuli. Juzi fundi viatu wa pale kona kaniuliza, "Bwana Kivuli, leo umetuletea wingu gani?"

Nilimweleza shangazi kwamba sasa tunatumia rada, inapenya mawingu, haidanganyiki. Akanisikiliza huku anakunja nguo.

"Hiyo picha yako inaliona paa langu?"

"Inaliona, shangazi."

"Basi iliwaona walioiba kuku wangu?"

Ndipo nikaropoka kwamba asipohama, nami sihami. Nilidhani nimemtega. Akanipa blanketi, akanionyesha chumba hiki.

Leo siku ya tatu. Nikitoka, mtaa utasema nimekimbia uongo wangu. Nikikaa, maji yatanikuta hapahapa. Na wote wanamtazama yeye. Asipotoka, hatoki mtu.

Kwa hiyo mpigie leo, tafadhali. Setilaiti usiitaje kabisa. Mwambie unaniogopea mimi: kwamba kaka yako hajui kuogelea, tena ni mbishi, hatoki asipotolewa. Kwa ajili ya roho yake hahami, namjua. Kwa ajili ya kunitoa mimi, huenda akafunga virago.

Msalimie sana shemeji, na yule binti yako mwenye maswali mengi. Mungu awaweke salama huko kwenu mlimani.

Nami ni kaka yako akupendaye,
mgeni wa shangazi asiyejua atatoka lini.