Daftari Ulilolisoma Mezani

Dada Kanae,

Natumaini baridi ya Osaka haijakuzidi. Huku Kochi mimi na Bibi tumemenya matunda ya kaki, tukayatundika barazani yakauke. Bibi anakusalimu.

Daftari ninalomwandikia Daktari Onodera, anayenitibu hofu yangu, nilikupa wewe peke yako. Ukalisoma kwa sauti mezani, siku ya kupokea roho za marehemu wetu, mbele ya mashangazi, hata pale niliposema naogopa uso wangu kuiva kwa haya nikisimama darasani. Hadi leo Shangazi Tokiko huniita, "Nyanya mbivu, hebu lete chai." Nawe ulicheka, Dada.

Niliandika kwamba nataka hasira hii iniondoke. Daktari akajibu pembeni kwa wino mwekundu: "Usiifukuze. Iache ikae, nawe fanya lililo mbele yako."

Basi Ijumaa nilisimama darasani nikasoma insha yangu. Uso uliiva, sauti ikatetemeka, nikafika mwisho.

Matunda kumi yaliyokauka vizuri yamo kwenye kifurushi hiki. Niliyamenya nikiwa nimekukasirikia, na bado nimekukasirikia. Ukija Mwaka Mpya, niombe radhi mezani palepale, mashangazi wakisikia. Mto wako wa kukalia nitauweka karibu na wangu.

Mdogo wako,
Shiori