Mlinzi Wangu, Mama Kulwa

Ntalikwa, Alhamisi jioni

Siku ya tano, na bado nimefungiwa stoo ya kijiji. Nilikuja kupima mpaka wa msitu. Wanakijiji wakaona nitamega mashamba yao, wakaamua sitoki mpaka mkuu wangu aje azungumze nao.

Kufuli nimeshalizoea. Kinachoniudhi ni mlinzi, Mama Kulwa. Leo nilibakiza michembe, maana nimechoka viazi vilivyokaushwa asubuhi na jioni. Akakaa mlangoni na panga lake.

“Maliza, mwanangu. Mama yako akikuona umekonda, nitamwambia nini?”

Nikamaliza.

Mchana walinipa simu niongee na mkuu. Akaninong’oneza kwamba kesho anakuja na polisi. Sijui kwa nini, lakini nilimweleza Mama Kulwa yote, nikamsihi akimbilie kwa bintiye anayeishi Chemchem.

“Nikimbie, nani atakupikia uji? Hebu vua hilo shati nilifue. Hutatoka kwangu mchafu.”

Kwa hiyo naandika nimejifunga kanga yake.

Naogopa kesho. Wataniuliza nani alikuwa akinilinda. Jibu nimeshaliandaa: sikumwona vizuri, kulikuwa na giza.

Siku zote tano, giza.