Aliyeninyima Ruhusa

Kwa Dada yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wote mnaolala chini ya paa moja na Mama. Natumaini mgongo wako umepata nafuu tangu shemeji aanze kukusaidia kumpeleka Mama bafuni. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nguo zangu ni safi, na kama afya ndiyo hiyo, basi ninayo.

Barua yako nimeipata. Umenieleza kwamba Mama siku hizi anakuita wewe mama, na kwamba aliloweka viatu vyake kwenye ndoo ya maji ya kunywa, kisha akakugombeza wewe. Kila jioni bado anauliza yule wa mwisho yuko wapi, lakini wiki iliyopita ulipomwonyesha picha yangu aliuliza huyu ni mtoto wa nani. Umesema nisipokuja sasa nitakuja kukaribishwa kama mgeni. Umesema pia kwamba shemeji ameapa ofisi yetu haina binadamu hata mmoja, maana ni ofisi gani inayomkatalia mtu kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Mara ya kwanza nilikujibu kwamba wamekataa, basi. Leo nataka nikueleze vizuri. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza, nami ningekujibu kama ninavyowajibu watu dirishani.

Unakumbuka nilivyowachosha nilipotoka chuoni, kutwa nikirudia maneno ya mkufunzi wetu. Alitufundisha kwamba ofisi ni kiti, si mtu. Anayekikalia huacha mapenzi na hasira zake getini, akafuata kanuni, na kesho akikaa mwingine jibu ni lile lile. Ndiyo maana mwenye ndugu ofisini na asiye na ndugu wote hupata haki sawa. Wewe ulicheka, ukasema si bora wangeajiri viti. Mimi niliyapenda maneno yale na bado nayapenda. Miaka yote hii nimekuwa ofisa uratibu: karatasi ikitoka chini kwenda kwa mkurugenzi inapita kwangu, naisoma, naandika maoni, napiga muhuri, inaendelea na safari yake.

Mwaka huu walikuja wataalamu wa kupanga ofisi upya. Walikunywa chai yetu, wakauliza maswali, wakaenda zao. Baadaye ukabandikwa mchoro mkubwa kwenye korido, visanduku na mistari, kuonyesha nani yuko chini ya nani. Tulijazana pale kama wanafunzi siku ya matokeo, kila mmoja akiweka kidole kwenye kisanduku chake. Changu sikukiona. Nilisubiri watu watawanyike nikarudi kutafuta tena, taratibu, mpaka upande wa madereva. Hakikuwepo.

Nilikwenda kwa ofisa utumishi. Ni mama mpole, hana makuu. Alinikaribisha kiti, akafungua kanuni, akanieleza kwamba kuniachisha kazi kunahitaji barua ya mkuu wa kitengo changu, na kwa kuwa kitengo changu kimefutwa, mkuu huyo hayupo. Kunihamisha ni vivyo hivyo, na hata kunisimamishia mshahara. Akaniambia niendelee kuripoti mpaka suala langu lipate mwenyewe. Nilimshukuru. Dada, hakukosea hata neno moja.

Basi nikaendelea kuripoti. Nasaini kitabu cha mahudhurio, nafungua dirisha, nafuta meza, nakaa. Wenzangu wananisalimu kama kawaida, wananiuliza za nyumbani. Ungedhani nililia au nilifoka, lakini sikuhisi chochote. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, unakupeleka, ila hujui kama ni wako.

Aliyenirudishia kazi ni tarishi wetu, mzee mmoja tunayemwita Ngazi kwa sababu hajawahi kupanda lifti. Baada ya mpango mpya, mikononi mwake zikabaki karatasi ambazo walioandikiwa hawapo tena. Kuzirudisha masjala haruhusiwi mpaka ziwe zimepita mezani kwa mtu. Mimi nilikuwa na meza. Akaanza kuniwekea, nami nikaanza kuandika maoni. Wasafishaji waliomba glavu, nikaidhinisha, wakapata. Mlinzi wa geti la nyuma aliomba kiti, nikakataa, hakupata, na mpaka leo anasimama. Juu yangu hakuna mtu, lakini hakuna aliyeuliza. Walitazama muhuri wakatii.

Hapo ndipo ilipofika barua yako ile ya kwanza. Nilijaza fomu ya kuomba ruhusa siku hiyo hiyo. Sababu: ugonjwa wa mzazi. Sehemu ya maoni ya msimamizi niliiacha wazi, nikaiweka fomu kwenye sanduku la masjala kama mfanyakazi yeyote. Baada ya muda Ngazi akaja na furushi lake la karatasi zisizo na mwenyewe. Fomu yangu ilikuwa ya pili kutoka juu.

Nakuomba usimsomee shemeji sehemu hii kabla hujaimaliza mwenyewe. Niliisoma kama ninavyosoma zote. Niliona mwombaji ana mama mgonjwa, lakini mgonjwa anatunzwa na binti yake mkubwa, kwa hiyo hajakosa mtu wa kumtunza. Niliona pia kwamba hakuna wa kukaimu nafasi ya mwombaji, na kanuni inasema pasipo wa kukaimu ruhusa haitolewi. Nikaandika: haikuidhinishwa. Nikapiga muhuri. Ngazi akanisainisha kwenye kitabu chake kama mtoaji, akaipeleka masjala, na kesho yake akaniletea jibu langu akanisainisha kama mpokeaji. Nililisoma nikahuzunika, kweli kabisa, kama mwombaji mwingine yeyote. Kisha nikakaa nikakuandikia wewe kwamba wamekataa.

Hakuna waliokataa, Dada. Ni mimi.

Jumanne nilijaribu kitu. Asubuhi, kazi ikiwa imechanganya, niliinuka nikatoka getini bila kumuaga mtu. Yule mlinzi asiye na kiti alinipigia saluti. Nilikwenda kituo cha mabasi, nikaulizia basi la kuja kwenu, nikaambiwa liko tayari, nafasi zipo. Nikakaa kwenye benchi nikalitazama mpaka likajaa likaondoka. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nasubiri aniambie mtu kwamba naweza kupanda. Lilipopotea machoni nikarudi ofisini nikaendelea na karatasi, na sikuwa nimechelewa kwa lolote.

Chini ya kila jibu la kukataa tunaandika kwamba asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwa aliye juu ya mtoa uamuzi. Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi bila kuyafikiria. Juzi nilikwenda kuutazama tena ule mchoro, nikafikiria nani yuko juu yangu, na aliyenijia kichwani ni wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishika kola tukivuka barabara. Ulikuwa ukisema koga, nakoga. Ukisema ingia ndani, naingia, hata mchezo ukiwa umenoga.

Kwa hiyo nakata rufaa kwako. Sababu ni moja: Mama bado ananiulizia. Niandikie uniambie njoo, neno hilo moja linatosha, usinieleze wala usinibembeleze. Nikilipata nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Msalimie shemeji, umwambie hajakosea sana. Msalimie Mama jioni, akianza kuuliza. Akitaka kujua ni salamu za nani, mwambie za yule wa mwisho, na kama hamkumbuki, usimlazimishe.

Ni mimi, mdogo wako,
Mwombaji.