Mkunga Kwenye Kliniki ya Macho

Elerai, Arusha

Mdogo wangu Oliva,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Mnaendeleaje hapo Namtumbo? Magoti ya Mama yamepata nafuu? Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka. Uliniuliza kama uje ujifungulie huku ili mimi dada yako nikuzalishe. Soma kwanza haya, ndipo nikujibu.

Metroni wetu anatuhamisha wodi kila mwezi, eti wote tuzoee kila kazi. Basi mimi, mkunga, sasa napima watu macho. Leba, wodi ya kujifungulia, kapelekwa muuguzi mmoja, dada kutoka wodi ya wanaume. Ni mchapakazi, lakini mambo ya uzazi aliyaacha chuoni.

Juzi aliletwa mama mjamzito kutoka Olmotonyi, kajifunika shuka, kimya. Wanawake wa huku hawapigi kelele wakishikwa na uchungu. Wamelelewa kuona ni aibu. Sisi tuliozoea tunawatazama pumzi na vidole vya miguu. Yule dada alimwona katulia, akamwambia, "Mama, wewe bado, kaa hapo kwenye benchi." Akaenda kwa waliokuwa wakilia.

Mama mkwe wa yule mjamzito akanifuata kliniki ya macho, akanishika mkono. "Wewe ndiye uliyemzalisha binti yangu. Twende."

Nilikuta mtoto ameshazaliwa pale pale kwenye benchi, kitovu kimemzunguka shingo. Alichelewa sana kulia, Oliva. Alipolia, nami nikalia.

Wakubwa wakamkaripia yule dada, utadhani alijipanga leba mwenyewe. Nikamfuata metroni, nikamwomba angalau kila mwezi wakunga wazoefu wasiondolewe wote leba.

"Konsolata, kila mtu akichagua pa kukaa, macho atapima nani?" Akasema atalifikiria, halafu akanikumbusha kwamba wagonjwa wangu wanasubiri. Nimechoka kuomba kitu kilicho wazi hivi.

Kwa hiyo usije. Wewe na makelele yako labda wangekusikia, lakini siwezi kukuahidi kwamba siku yako nitakuwa leba. Zahanati yenu ni ndogo, ila mkunga ni yule yule siku zote. Nenda kwake mapema.

Nisalimie Mama, shemeji yangu fundi baiskeli, na mjomba wetu wa mizinga ya nyuki. Beseni la kumwogeshea mtoto nilishanunua, lipo hapa chini ya kitanda changu. Nitalituma kwa basi.

Dada yako,
Konsolata