Aliyetajwa Ndiye Huja

Mwanza, mwaka wa arobaini tangu nihame Katonga.

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Mguu wa bibi yako umepona. Unauliza kwa nini kompyuta haipakii draiva zote, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vyake, inapowaka, bali huleta ya kamera pale tu kamera inapoguswa.

Nikiwa kijana kule kijijini Katonga, mama alianika mchangani dagaa wetu wote. Wingu likashuka ghafla; dagaa wangelowa, wangeoza. Nikapiga kelele, "Jamani, mvua!" Hakuna aliyeinuka.

"Jamani ndiyo nani?" mama akanicheka, kisha akaita, "Mama Zuhura! Turubai!"

Jirani huyo akaacha ugali jikoni, akaja mbio na turubai. "Nimesikia, we mwanamke, usinitoboe masikio!"

Dagaa wakapona.

Kompyuta nayo hukitaja kifaa kilichoguswa, na draiva yake huja. Nyingine hubaki zilipo, zisijaze kumbukumbu bure.

Majirani wale wote wamezikwa; kule hakuna tena nitakayemtaja akaja. Sitarudi Katonga.

Babu yako