Vema ya Tumpe

Jumatano, Lufingo

Sifuti, hata aje na nani! Nilikuwa nawafundisha kidato cha pili msemo wa Kiingereza, "serve the purpose": kitu kinafaa kwa haja iliyopo, hata kama si chenyewe hasa. Tumpe akaandika mfano wake: hana mwavuli, anajifunika jani la mgomba. Nikampa alama ya vema.

Mkuu wa idara akaikata. "Madam, mifano iko kitabuni. Huu ni ushamba."

Nilirudisha daftari kwenye rundo. Sijathibitishwa kazini, naogopa barua yake kwa mkuu wa shule.

Saa kumi mvua ikamkuta mkuu wa idara hana mwavuli. Akakata jani la mgomba nyuma ya ofisi, akajifunika, akaenda zake.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikairudisha vema ya Tumpe, kubwa kuliko ya kwanza. Aifute tena, nimwone.