Vidonge Ulivyoacha Kumeza

Shemeki yangu mupendwa, mume wa ndugu yangu Zaina,

Huku Kasongo wote hatujambo, isipokuwa wewe.

Unakumbuka pale kwenye mashini ya kukoboa mupunga? Ulikuwa umetoka Bukavu na vidonge vya kansere ya prostati. Munganga alikuambia wazi: dawa hii inazima nguvu za kiume, maana kansere yako inakula humo. Utatoka jasho ovyo, kifua kinaweza kuvimba. Zaina alijua ni dawa ya kansere tu; haya mengine ukanieleza mimi peke yangu. Watu wote hawa, siri ukamupa mutu kama mimi!

Mwezi wa tatu wa dawa shati likaanza kukubana. Nikakuita mbele ya wenye magunia: "Mama, mutoto ananyonya saa ngapi?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Ukajibu, "Njoo wewe, shemeki, naona uko na njaa." Kicheko chako kilipita chetu. Nikasema, bon, huyu hana neno. Kwetu shemeki wasipotaniana, watu wanauliza wamegombania nini. Kesho yake nikakuuliza mimba iko ya miezi mingapi. Wiki nzima hivyo.

Halafu jasho likakauka, kifua kikapungua. Nikapiga makofi: "Mwanaume amerudi!" Ukachezea pumba kwa kidole cha muguu. Kisha mugongo ukaanza kukuuma, ukalala, hukuamka tena.

Baada ya arobaini Zaina alikuta vidonge ndani ya kiatu chako cha Idi, vimesukumwa mpaka kwenye ncha. Akaniletea mukononi, mimi mukubwa wake. "Yaya, alikuambia kwa nini aliacha dawa?"

Nikasema hapana. Na kweli hukuniambia. Lakini najua.

Tangu siku ile anajitafutia kosa. Labda chakula chake. Labda siku moja alikukemea. Amekonda. Na wewe pia nina hasira nawe, shemeki! Ungenipiga kofi. Ungenitukania mama, ningefunga mudomo. Kwa nini ulicheka vizuri vile?

Leo nimemuita. Amefika, ameweka kapu chini, anauliza naandikia nani. Anaweza asiniite yaya tena. Namupa karatasi hii asome mwenyewe.

Lala, shemeki. Nisamehe kama iko nafasi.

Ni mimi, shemeki yako, yaya wa Zaina.